Saa Niliyoiambia Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa kwenye benchi la bomani Kisarawe tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka saa nne, barua ya ajira mkononi na viatu vya kuazima miguuni. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu, na sisi wasichana wachache tuliomaliza kidato cha nne tulikuwa tumeambiwa kwamba taifa linatusubiri. Aliyenisubiri mimi alikuwa Karani Mkuu wa Masjala, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakunitazama usoni. Alinionyesha makabati ya majalada, akasema kazi ya masjala ni kujua kitu kilipo kabla hujaulizwa. Niliona ni kazi ya kitoto. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuiweza.

Wajukuu zangu wanaponiona nikibonyeza simu kwa kidole kimoja hucheka, na hawaamini nikiwaambia kwamba bibi yao aliendesha kompyuta kabla baba zao hawajaota meno. Nimeamua kuyaandika haya ili wacheke wakiwa wanajua wanachokicheka. Na kuna jambo moja humu ambalo wao hawajawahi kulisikia.

Masjala ya Kisarawe nilikaa miaka kumi na zaidi kidogo. Nilifunzwa huko kupiga taipu, kisha nikapelekwa Dar es Salaam kwa miezi mitatu kujifunza kutoboa kadi. Kadi hizo zilikuwa vipande vya karatasi ngumu. Ulizitoboa matundu kwa mashine, na kompyuta iliyasoma matundu hayo kama herufi na tarakimu. Niliporudi nikakuta barua ya uhamisho. Ofisi za mkoa zilikuwa zimehamia Kibaha, na katika kitengo kimoja cha kilimo ambacho sitakitaja kwa jina, palikuwa pameletwa mashine.

Miaka ile kompyuta haikuingia nchini hivihivi. Serikali ilikuwa imezipiga marufuku, na iliyoingia iliingia kwa kibali maalumu. Yetu ilikuwa msaada, imetumika kwingine kabla ya kutufikia, na ilijaza chumba chenye ukubwa wa darasa. Wakubwa wa lugha walitutaka tuiite ngamizi. Sisi tuliiita mashine, maana ofisini hapakuwa na mashine nyingine iliyojengewa chumba chenye kiyoyozi wakati Mkuu wa Kitengo mwenyewe akijipepea kwa jalada.

Kazi ya mashine ilikuwa kuchapa orodha za mgao: mbegu za mahindi kwa vijiji vya Kibaha, na salfa ya kupulizia mikorosho kwa vijiji vya Kisarawe. Siku za mgao malori yalipanga mstari nje, makatibu wa vijiji wakakaa kivulini wakisubiri karatasi zitoke. Bila orodha hakuna gunia lililotoka ghalani. Lori la Magindu likichelewa, na mvua ikiwahi, basi watu wa Magindu walipata mbegu wiki inayofuata au hawakupata kabisa.

Tulikuwa watatu wa kuhesabika. Mkuu wa Kitengo alikuwa bwana mrefu, msomi, aliyependa kila jambo liwe na sababu na kila sababu iwe na jina la mtu. Mimi nilikuwa mwendeshaji. Wa tatu alikuwa fundi sanifu, Ndugu Elia, Mpare, Msabato, aliyetokea reli. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi. Alipanga chumba mtaa wa Tangini, palepale Kibaha, akaja kazini kila siku kwa miguu na shati lililopigwa pasi, na akazitunza sahani za mashine ile kwa namna ambayo sijaiona tena kwa fundi yeyote.

Sahani ndilo jina tulilolipa diski. Zilikuwa bapa, za kahawia, pana kuliko sinia la pilau, zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye kasha lenye mpini. Kila kitu ambacho mashine ilipaswa kukumbuka kiliandikwa juu yake, kwenye mistari ya duara isiyoonekana kwa macho. Zilizunguka kwa kasi, na mkono mdogo wa chuma ulikwenda mbele na nyuma juu yake ukisoma na kuandika bila kuzigusa. Unywele mmoja ukiingia katikati, mkono unakwaruza na sahani imekufa. Kwa hiyo kila asubuhi Elia alivua viatu mlangoni, akazifuta kwa kitambaa laini na spiriti, kisha akaiamsha mashine. Kuamsha lilikuwa neno letu la kuiwasha mpaka iwe tayari kwa kazi.

Ndani ya programu kuu, ile inayozitawala nyingine zote na ambayo vijana wa leo mnaiita mfumo endeshi, kulikuwa na sehemu tuliyoiita Bwana Foleni. Programu nyingi zilitaka sahani kwa wakati mmoja, na mkono ulikuwa mmoja. Bwana Foleni ndiye aliyeamua nani ahudumiwe kwanza. Kwa kawaida alimchukua aliye karibu na mkono ulipo, ili mkono usikimbie huku na huku bure, lakini aliyesubiri sana naye alimkumbuka. Hapo hakuwa tofauti na muuzaji wa duka la kijiji siku sukari imefika. Ili ajue nani kasubiri sana, alimwandikia kila mmoja saa aliyoingia kwenye foleni, na daftari lake hilo lilikuwa juu ya sahani yenyewe. Umeme ukikatika, daftari lilibaki.

Kwa sababu hiyo, kila ulipoiamsha mashine ilikuuliza mambo mawili kwenye mashine ya chapa iliyounganishwa nayo: tarehe ngapi, saa ngapi. Ulichapa majibu, ukasubiri dakika nne hivi, ikawa tayari.

Mwaka wa pili ikaanza kuchelewa.

Haikuchelewa asubuhi. Ilichelewa umeme ukikatika katikati ya siku, jambo ambalo tangu mwaka huo halikuwa habari tena. Umeme ulikatika, tukasubiri, ukarudi. Elia alikwenda nje kukagua nyaya na kiyoyozi, mimi nikaiamsha mashine. Badala ya dakika nne ilikaa dakika arobaini na tano. Taa za makasha ya sahani ziliwaka na kuzima, na mkono ulisikika ukitambaa mstari kwa mstari, krr, krr, krr, kama panya darini. Huku nje madereva wanapiga honi. Kisha ikaamka kama hakuna lililotokea. Umeme ukikatika tena siku hiyohiyo, mara ya pili iliamka vizuri. Tulichoka kukisia.

Mkuu wa Kitengo alikisia upesi kuliko sisi. Mlio ulitoka kwenye sahani, sahani ni za Elia, basi Elia hazisafishi ipasavyo. Elia akaanza kuzifuta mara mbili kwa siku. Haikusaidia. Akaomba aletwe mtaalamu. Mtaalamu alikuja kutoka Dar es Salaam, akauzima umeme makusudi, akaiamsha mashine kwa mkono wake mwenyewe mara tano. Mara zote tano iliamka kwa dakika nne. Aliandika kwamba sahani ni safi na mashine ni nzima. Mkuu alipoisoma taarifa ile alimtazama Elia akasema siku ya mgeni kila mtu hufagia.

Lililommaliza Elia lilikuwa Jumamosi. Siku hizo tulifanya kazi Jumamosi mpaka saa saba mchana, isipokuwa Elia, aliyekuwa na ruhusa kwa ajili ya Sabato yake. Jumamosi niliiamsha mashine mimi tangu asubuhi. Umeme ulikatika Jumamosi tatu tofauti, na mara zote tatu mashine iliamka bila kusuasua. Mkuu aliyaandika hayo kwenye daftari lake. Jumatatu moja alisema mbele yetu sote, kwa sauti ya utani ambayo haikuwa utani, kwamba inaonekana mashine nayo imeokoka, haitaki kuguswa na Elia. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na Elia aliniona.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Ndugu Elia alihamishiwa Kisarawe kuwa mtunza ghala, kwa sababu ya kutomudu kazi ya ufundi. Alipewa siku saba za kukabidhi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akarudi kwenye sahani zake. Aliniambia jambo moja tu.

"Bi Mwajuma, mimi nimefunzwa kazi na watu wakali. Kama ningekuwa mchafu, wangenifukuza wao kwanza."

Nilimwambia namwamini. Nilikuwa nasema kweli, lakini imani yangu haikuwa na faida kwake.

Siku ya tatu ya makabidhiano nilikuwa nakata karatasi za mashine ya chapa ili nizihifadhi. Ilikuwa mazoea ya masjala, sikutupa karatasi. Karatasi ya mashine ile ilikuwa ndefu, mkunjo baada ya mkunjo, na kila ulichochapa na kila ilichokujibu kilibaki hapo. Nikaona asubuhi ya siku moja ya mgao, mahali Elia alipojibu saa: 0712. Chini yake kidogo, baada ya umeme kurudi, mahali nilipojibu mimi: 0415.

Niliisoma ile mistari miwili tena na tena. Niliiamsha mashine saa nne na robo asubuhi. Nne na robo, ndiyo niliyoandika. Ningeandika nini kingine? Nimezaliwa Mlandizi, jua likichomoza na kupanda kidogo ni saa moja, na sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akihesabu vingine. Lakini Elia alitoka reli, na reli walihesabu saa tangu usiku wa manane mpaka ishirini na nne, ili treni ya asubuhi isichanganywe na ya jioni. Saa moja na dakika kumi na mbili kwake iliandikwa 0712. Mashine ilikuwa ya watu wanaohesabu kama reli.

Kwa hiyo Bwana Foleni aliamka, akafungua daftari lake, akakuta watu walioingia kwenye foleni saa kumi za reli, yaani saa nne zetu za asubuhi, na mimi namwambia sasa hivi ni saa nne. Watu wa baadaye wamefika kabla ya sasa. Alifanya ambalo karani yeyote mwenye akili angelifanya: alilikataa daftari zima, akapita sahani zote mstari kwa mstari kuhesabu upya. Hizo ndizo dakika arobaini na tano. Uchafu haukuwamo. Asubuhi hapakuwa na ugomvi kwa sababu tarehe ilikuwa mpya. Mara ya pili hapakuwa na ugomvi kwa sababu saa zote mbili zilikuwa zangu. Jumamosi vilevile, zilikuwa zangu tangu asubuhi. Na mtaalamu, bila shaka, alihesabu kama reli.

Kesho yake umeme ulikatika. Uliporudi ilikuwa saa tano kasorobo. Nilichapa 1045. Mashine iliamka kwa dakika nne, orodha zikatoka, malori yakaondoka. Elia alikuwa chumba cha pili akihesabu vipuri vya kukabidhi. Mkuu wa Kitengo alitoka ofisini kwake akiwa na uso wa furaha, akasema tumeona wenyewe, ameacha kuzigusa na zimepona.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Nilijiambia nitasema mchana, faraghani, kwa adabu. Mchana nikapiga moyo konde, nikaenda kugonga mlango wake, karatasi nimeikunja ndani ya kanga. Aliniambia niketi. Kabla sijafungua mdomo aliniambia amependekeza jina langu niwe Msimamizi wa Mashine, mwanamke wa kwanza mkoani, na kwamba mapendekezo yanakwenda juu siku hiyohiyo. Aliniuliza nilikuwa na shida gani.

"Sina shida, Ndugu Mkuu," nilisema. "Ahsante sana."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi maishani. Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekuwa bado hajarudi salama kutoka jeshini. Lakini sikuwaza watoto wala mume nilipoyasema. Niliwaza benchi la Kisarawe na makabati ya majalada, na niliogopa kurudi huko. Nilijua mmoja wetu lazima arudi. Hiyo ndiyo sababu, na sitaipaka rangi.

Siku ya saba Elia alinikabidhi kitambaa na chupa ya spiriti. Akanifundisha kuzifuta kuanzia katikati kwenda nje, bila kurudisha mkono. Alieleza taratibu, mara mbili, mtu asije akasema baadaye kwamba hakueleza. Kisha akapanda lori la Kisarawe, akakaa juu ya magunia ya salfa, begi lake mapajani. Orodha ya magunia yale nilikuwa nimeichapa mimi.

Usimamizi niliupata. Mashine ile iliendelea miaka michache, mpaka vipuri vikakosekana kabisa na ikafungiwa chumbani kwake kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Baadaye nikahamishiwa idara nyingine, wakaja Wakuu wengine, wengine wapole, mmoja mlevi, mmoja kijana kuliko mwanangu. Zikaja kompyuta ndogo za mezani ambazo saa zinajiwekea zenyewe na hazimuulizi mtu. Nilistaafu nikiwa na cheti cha utumishi uliotukuka. Katika hafla ya kuniaga walisema tangu nishike mashine haikuchelewa hata siku moja. Ilikuwa kweli, na nilishindwa kula.

Wiki ya tatu ya kustaafu niliondoka asubuhi nyumbani kwangu Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, nikaenda Kisarawe. Kwa miaka yote ile sikuwa nimekwenda kumwona. Haikuwa mbali hata kidogo. Niliulizia ghalani, wakanionyesha nyumba ya bati nyuma ya shamba la mihogo.

Nilimkuta barazani anachambua maharage, nywele zote nyeupe. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo kaka Elia, akaitika marahaba, akanitazama muda, akanitaja jina. Mkewe, Mama Neema, aliyemwoa huko huko Kisarawe, alinikaribisha uji. Ni yeye aliyeniambia, katika kupiga soga, kwamba mume wake ni mtu wa ajabu kidogo. Yeye alisikia tu kwamba mumewe zamani alikuwa fundi, lakini tangu waoane hajamwona akifungua hata redio ya jirani. Watu wakimletea kitu kibovu huwajibu kwamba mikono yake si ya kuaminika. Kisha akaondoka kwenda jikoni.

Nilitoa ile karatasi. Nilikuwa nimeihifadhi miaka yote, kama nilivyofunzwa. Nikamwonyesha mstari wake na mstari wangu, nikamweleza daftari la Bwana Foleni, Jumamosi, mtaalamu, kila kitu. Nikamwambia pia kwamba nilijua akiwa bado na siku nne za kukaa Kibaha, na nikanyamaza. 

Alivaa miwani, akaifuata karatasi kwa kidole, 0712, akashuka, 0415. Alirudia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na njiani nilikuwa nimejiandaa pia kusamehewa. Hakufanya hata moja.

"Kwa hiyo zilikuwa safi," alisema.

"Zilikuwa safi, kaka."

"Siku zote."

"Siku zote. Hapakuwa na hata vumbi."

Alivua miwani, akageukia mlango wa jikoni. "Mama Neema," aliita, "hebu njoo ukae hapa." Kisha akanirudishia karatasi.

"Sema tena," aliniambia. "Taratibu. Naye asikie."

Mama Neema akaja, akakaa mkekani karibu na mumewe. Nikaanza upya.